Gari Lililochemka Likikimbia

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia gereji ya Busia nikiwa na ovaroli ya buluu ambayo mama yangu alikuwa ameipiga pasi mpaka mikunjo ya miguu ikasimama kama ya askari wa gwaride. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na cheti cha umakanika ndani ya bahasha ya kaki, na nilikuwa nimeendesha baiskeli kutoka kwetu Butula tangu alfajiri, suruali nimeifunga kamba kwenye kifundo cha mguu isishikwe na cheni. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Magari ya barabara ile yalikuwa machache, na wenyeji waliweza kumtambua dereva kwa honi yake kabla hajatokeza.

Aliyenipokea ni Forman, mkuu wa mafundi. Jina alikuwa nalo, lakini sote tulimwita Forman, na hata mkewe akija gerejini alikuwa akiuliza, "Forman yuko?" Alikuwa wa kabila la Wateso, kutoka Adungosi, mfupi, mwenye vidole vinene na sauti ndogo. Ufundi aliupata jeshini enzi za mkoloni. Alikichukua cheti changu, akakisoma mbele, akakigeuza akatazama nyuma kana kwamba kuna kitu kimefichwa huko, akanirudishia.

"Wewe ndiye wa cheti?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Weka hiyo mahali panya hawafiki. Sasa, wiki hii yote hutashika spana."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nitafanya nini basi, mzee?"

"Utauliza. Dereva akiingia, kaa na yeye pale kwa benchi. Muulize gari inaumwa nini. Inaumwa wakati gani. Ilianza lini, na nani aliishika mara ya mwisho. Halafu unakuja kuniambia."

Nilikaa kwenye benchi lile siku sita, mikono safi, hasira tele. Vijana wenzangu niliosoma nao walikuwa tayari wanafungua injini Kisumu na Eldoret, na mimi nilikuwa kama karani wa zahanati. Jumapili nilipomweleza baba, aliniuliza kama nimefukuzwa.

Nieleze kidogo kuhusu ugonjwa wa kuchemka, kwa sababu ndio uliojaza siku zangu na nyinyi mnaofanya kazi na magari ya leo hamkuujua kama tulivyoujua sisi. Injini ni moto uliofungiwa ndani ya chuma. Ili chuma kisiyeyuke, maji huzunguka ndani yake. Kuna pampu ya maji inayoyasukuma, inayozungushwa na mkanda wa feni. Maji yakishapata joto hupanda kwa mpira wa juu hadi kwenye rejeta, ile sahani ya vijibomba vyembamba iliyo mbele ya gari, hupozwa na upepo, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Katikati kuna thamostati, mlango mdogo unaofungwa injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata joto. Mahali popote katika mzunguko huo pakiharibika, mshale wa joto hupanda, na mvuke hutoka chini ya boneti. Ukiuona mvuke hujajua bado nani kaharibika. Wote hulia kilio kimoja.

Mimi nilidhani najua. Mwezi wa tatu, Forman akiwa ameshaniruhusu kushika spana, aliingia daktari wa mifugo aliyekuwa akizungukia wafugaji wa upande wa Funyula. Gari lake lilikuwa kuukuu, lina matope hadi madirishani. "Inachemka," alisema, na alikuwa na haraka, akaniachia ufunguo akaenda sokoni. Forman siku hiyo alikuwa amekwenda msibani. Nikajiambia, gari kuukuu, linachemka, hiyo ni gasketi ya hedi. Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, na gasketi ni ile karatasi ngumu ya shaba inayokaa kati ya kifuniko na injini. Ikiungua, moto huingia kwenye maji. Chuoni tulifundishwa hivyo, na nilikuwa na hamu ya kufungua hedi kama mtu mwenye njaa anavyotaka kufungua sufuria.

Nilifungua. Nilifanya kazi siku mbili, nikapanga boliti zote kwa mfuatano juu ya gunia. Gasketi ilikuwa nzima, haina hata alama. Nilibadilisha hivyo hivyo, nikafunga, nikawasha. Likachemka.

Forman alirudi. Alichukua taa ya waya, ile tuliyokuwa tukiingiza chini ya magari, akaiweka nyuma ya rejeta, kisha akaniita mbele ya gari.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, mzee."

"Hata mwangaza?"

Hapakuwa na mwangaza. Rejeta nzima, katikati ya mapezi yake membamba, ilikuwa imejaa mbegu za nyasi, mabawa ya panzi na vumbi lililolowana likakauka. Daktari alikuwa akipita mashambani siku nzima, nyasi zikimpiga mbele, na upepo ulikuwa hauna pa kupita. Forman akachukua mpira wa maji, akapiga maji kutoka upande wa nyuma, takataka zikamwagika miguuni mwangu kama pumba za wimbi. Baada ya nusu saa gari lilikuwa zima.

"Huyu alikuwa na mafua," Forman akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Wewe umempasua tumbo."

Wenzangu walicheka mpaka wakashikilia magari. Forman hakucheka. Daktari wa mifugo alipokuja kuchukua gari, Forman alimwendea mwenyewe, akamwambia kosa ni la gereji na wala hakutaja jina langu. Nilisimama nyuma ya lori nikisikia. Kama angenitaja, nadhani ningepanda baiskeli nikarudi kulima. Watu wengi wamenifanyia wema katika maisha, lakini wengine walinifanyia wakijua kwamba naona. Huyu alidhani niko chooni.

Tangu hapo niliuliza maswali hadi madereva wakanichoka. Forman naye akanifundisha yale ambayo hayako kwenye vitabu. Mkanda wa feni unabonyezwa kwa kidole gumba, na ukizama zaidi ya upana wa kidole umelegea. Thamostati inatolewa, inafungwa uzi, inaning'inizwa ndani ya sufuria ya maji jikoni, na unaitazama kama inafunguka maji yakikaribia kuchemka. Mama muuza chai alikuwa akitupigia kelele kwa sababu ya sufuria zake. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na hapo ndipo unapoweza kuanza kufikiria hedi. Ukifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, ukaiwasha, ukaona mapovu yanapanda mfululizo, fikiria hedi tena. Lakini la muhimu zaidi, alisema Forman, ni kujua gari linachemka lini. Likichemka kwa mwendo wa pole na foleni, tazama feni. Likichemka likikimbia, feni haina kosa, kwa maana upepo wa barabara peke yake unatosha. Hapo tafuta maji yanakwama wapi.

Mwaka wa nne nilihamishiwa Malaba. Gereji yetu ilikuwa na tawi huko, banda la mabati hatua chache kutoka mahali malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Uganda. Nilikuwa nimeoa. Mke wangu, Nabwire, ni wa Funyula, na alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Tulipewa chumba kimoja nyuma ya gereji, chumba cha kampuni, chenye sakafu ya saruji, na tulijiona matajiri.

Mkubwa wa pale tulimwita Meneja. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Alitusaidia tulipougua, na Krismasi alichinja mbuzi tukala pamoja. Nasema hivi ili msidhani nilifanya kazi chini ya shetani. Lakini Malaba ya miaka hiyo ilikuwa mahali pagumu kwa mtu mwenye tamaa. Watu walikuwa wakivuka kutoka upande wa pili, wakikimbia wanajeshi waliotawala huko, wakiwa na haraka ambayo hawakupenda kuieleza. Mtu anavuka na friji, na cherehani, na gari, na kesho yake anauza chochote kwa yeyote. Madalali walikaa barabarani kutwa nzima wakitazama nyuso.

Asubuhi moja, kama saa nne, likaja gari la rangi ya maziwa, kuukuu, godoro limefungwa juu, mvuke umelifunika mbele. Lilikuwa linaendeshwa na mwanamke. Siku hizo hilo peke yake liliwafanya matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, kusimama na kutazama. Nyuma walikaa watoto watatu wamebanwa na mabegi. Mwanamke alizima injini, akashuka, akasimama kando bila kugusa boneti. Mtu asiyejua gari hukimbilia kufungua rejeta, na maji ya moto humwunguza uso. Huyu alingoja ipoe. Nikajua anamjua mgonjwa wake.

"Karibu, mama," nikamwambia.

"Asante, fundi. Mimi ni sista wa hospitali, nimetoka Mbale jana." Alikuwa muuguzi, na nguo yake ilikuwa imekunjamana lakini saa yake ya kuhesabia mapigo ya moyo bado ilikuwa imebandikwa kifuani. "Nimesimama njiani mara sijui ngapi. Bwana yangu alitangulia, ananingojea Eldoret. Hospitali moja huko imenikubali kazi. Lazima nifike."

Nilijua barabara ya Eldoret. Ni kupanda. Gari linaloshindwa na tambarare ya Tororo haliwezi kuiona Eldoret.

"Sista, hebu kaa hapa kidogo. Linachemka wakati gani?"

Akanitazama. "Tangu nivuke, watu watano wameniuliza nitaliuza pesa ngapi. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hilo."

"Niambie basi."

"Nikienda pole pole mjini, mshale uko chini, hauna shida. Nikifika barabara kubwa nikikanyaga mafuta, dakika chache tu unapanda. Nikisimama nikaiacha inanguruma yenyewe, unashuka. Siuelewi huu ugonjwa. Mgonjwa akipumzika anapona, akitembea anazidiwa."

"Nani aliligusa mwisho?"

"Fundi wa Mbale alitoa thamostati akaitupa, gari ikaendelea kuchemka. Wa Tororo akaniwekea rejeta nyingine, ikaendelea. Akaniambia basi ni hedi, injini imekufa."

Nilifungua boneti. Nilipitisha kidole kwenye oili, ilikuwa nyeusi lakini haikuwa na maziwa. Mkanda ulikuwa umekaza. Injini ilipopoa nilifungua rejeta, nikaiwasha nikatazama maji, hapakuwa na mapovu. Rejeta ilikuwa nzuri, mwangaza ulipita kati ya mapezi yake. Pampu haikutikisika, haikuvuja. Nikaiacha injini ingurume robo saa. Mshale haukusogea. Pale gerejini gari lile lilikuwa zima kabisa, na mtu mwingine angemwambia Sista kwamba anaota.

Nikakumbuka neno la Forman: likikimbia, tafuta maji yanakwama wapi. Lakini nitayaonaje yakikwama barabarani na mimi niko gerejini? Ndipo nikawaza kwamba si lazima gari likimbie. Injini peke yake inaweza kukimbia gari likiwa limesimama.

"Sista, ingia ndani. Weka gia huru. Nikikuambia kanyaga, kanyaga mafuta kabisa, usiogope kelele."

Nililala chini na taa, uso wangu chini ya rejeta. "Kanyaga!"

Injini ikanguruma. Nikatazama mpira wa juu, sawa. Nikatazama mpira wa chini. Na mbele ya macho yangu mpira ule ukanywea, pande zake mbili zikashikana, ukalala bapa kama mrija wa karatasi mtoto akivuta soda kwa nguvu.

"Achilia!"

Ukafunguka.

"Kanyaga tena!"

Ukajifunga tena. Nilicheka peke yangu pale chini, vumbi likaniingia kinywani.

Mpira wa chini ndio upande inakovuta pampu. Kwa hiyo ndani yake kwa kawaida kuna springi ya waya inayouzuia usijifunge pampu ikivuta kwa nguvu. Yule fundi wa Tororo alipobadilisha rejeta aliweka mpira wowote aliokuwa nao, laini, mkuukuu, usio na springi. Au springi iliisha kwa kutu zamani na huo ndio uliokuwa ugonjwa tangu mwanzo, sijui. Injini ikienda pole, mpira unabaki wazi na maji yanapita. Ikikimbia, pampu inaukunja, maji yanakatika, na injini inachemka na rejeta nzuri ikiwa mbele yake. Ukisimama kuangalia, mpira umeshafunguka na hauoni kitu.

Nilikimbia ofisini kama mtu aliyeokota kitu. "Meneja, nimeona! Ni mpira wa chini tu, unajifunga. Saa moja tu nimemaliza."

Meneja aliinua kichwa. "Umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie." Akainuka, akatazama nje dirishani. "Shemeji yangu anatafuta gari kama hilo mwaka mzima. Mwambie hedi imepasuka. Tayari ameshaambiwa huko alikotoka, hatashangaa. Mimi nitaongea na yeye, tutamnunulia, tumpandishe basi na watoto wake. Atafika Eldoret hata mapema zaidi."

Alinitazama, na hakukunja uso. Angepiga kelele ingekuwa rahisi kwangu. "Wandera, mke wako anakaribia kujifungua, sivyo? Na chumba ni cha kampuni. Mimi ndiye huandika barua za kazi hapa. Tusaidiane."

Nilitoka nikaenda kwenye bomba la maji, nikaanza kunawa mikono ambayo ningeichafua tena papo hapo. Naomba msinione shujaa. Nilifikiria chumba kile chenye sakafu ya saruji. Nilifikiria Nabwire akibeba godoro letu kichwani na tumbo mbele. Nilijiambia kwamba ni kweli basi litamfikisha, kwamba gari ni chuma tu, kwamba mkubwa ndiye atakayejibu kwa Mungu na si mimi. Sababu zilikuja nyingi kuliko nilivyotarajia, tena nzuri.

Sista alikuwa amekaa kwenye jiwe, anawagawia watoto viazi vitamu. Aliniona, akaja mpaka kwenye bomba.

"Fundi, niambie tu. Mwaka huu nimezika watu na nimeacha nyumba. Kama gari imekufa, sitalia. Lakini usinizungushe."

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na Meneja alikuwa amesimama palepale.

"Halijakufa, Sista," nikasema, na nilisema kwa sauti. "Injini ni nzima. Ni huu mpira wa chini. Njoo nikuonyeshe."

Nikamfanya ainame, nikaomba dereva mmoja wa lori akanyage mafuta, akauona mpira ukijifunga kwa macho yake. Aliweka mkono mdomoni. "Katonda wange!" akasema, yaani Mungu wangu, kama wanavyosema kwao. "Siku zote hizi, ni hii?"

Nyuma yangu nilisikia dirisha likifungwa.

Mpira wa gari lile stoo haikuwa nao. Nilichukua kipande kizito cha mpira wa lori, upana wake ukakaribia kulingana, nikakikata. Kisha nikatafuta waya mgumu wa uzio, nikauzungusha kwenye mpini wa jembe, mzunguko baada ya mzunguko, hadi ukawa springi. Ukiuachia hupanuka kidogo wenyewe, na hivyo ndivyo unavyotaka, ukae umekaza ndani ya mpira. Nikauingiza, nikafunga, nikajaza maji. Nikamwambia Sista akanyage tena. Mpira haukutikisika.

Tukaenda kulijaribu njia ya Amagoro, yeye akiendesha na mimi kando yake, watoto tumewaacha kwa Nabwire. Alikanyaga. Nilitazama mshale, yeye alitazama barabara. Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena. Mshale ulikaa katikati kama umepigwa msumari. Tulipogeuza ndipo nilipomwona anapangusa macho kwa kiganja, mkono mmoja kwenye usukani.

"Webale nnyo, fundi," akasema, yaani asante sana. "Watoto walikuwa wananiuliza kama tutalala barabarani mpaka lini."

Nilimwambia springi ya waya wa uzio itakula kutu, kwa hiyo akifika Eldoret atafute mpira wa kweli. Akaahidi. Waliondoka saa nane mchana, wale watoto wakipunga mikono kwenye dirisha la nyuma chini ya godoro.

Meneja aliniita. Hakunitukana. "Kesho usije kazini," alisema, na akaendelea kuandika.

Nilimweleza Nabwire yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu niliona aibu kukaa. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta hadi nikamaliza.

"Wale watoto nimewapa uji hapa," akasema. "Mdogo amenilalia mapajani. Ungemdanganya mama yao, ungeniambia nini jioni?" Kisha akaanza kuweka sufuria ndani ya karai. "Basi nitajifungulia kwa mama, Funyula. Huko hata maji ni karibu."

Nimemshukuru kwa mengi katika ndoa yetu, lakini hilo ndilo la kwanza.

Kesho yake niliomba lifti kwa lori nikaenda Busia kwa Forman. Alikuwa chini ya gari. Alitoka, akakaa kwenye lile benchi la madereva, akanisikiliza, kisha akaanza kuniuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza madereva.

"Ulimwambia huyo mama mbele ya Meneja au nyuma yake?"

"Mbele, mzee. Dirisha lilikuwa wazi."

"Ulimtukana Meneja?"

"Hapana."

"Mpira uliuona kwa macho, au ulibahatisha?"

"Niliona ukijifunga. Mara tatu."

"Ngoja hapa."

Alinawa mikono, akavaa shati, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akifanya katikati ya kazi, akapanda juu kwa Mkurugenzi, mwenye gereji zote mbili. Nilibaki nikihesabu mabati ya paa. Aliposhuka alisema Mkurugenzi ananiita.

Mkurugenzi alikuwa mzee mkimya aliyependa mashine kuliko watu. Hakuniuliza habari za Meneja hata kidogo. Aliniuliza mpira, na springi, na niliutumia waya gani, akanipa penseli nichore. Alitazama mchoro wangu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Forman ameniambia kwamba mteja akidanganywa Malaba, jina linaloharibika ni lake, kwa sababu mafundi wote ni yeye aliyewafundisha. Sitaki jina lake liharibike. Utafanya kazi hapa Busia."

Basi. Hakuna aliyefukuzwa. Meneja alibaki Malaba hadi alipoacha mwenyewe kwenda kufanya biashara, na miaka mingi baadaye tulipokutana sokoni alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya watoto. Sikupewa chumba. Nabwire alijifungua Funyula, mtoto wa kike, na mimi nilikuwa naenda huko kila Jumamosi kwa baiskeli. Lakini nilikuwa na kazi, na nilikuwa na Forman kwa miaka mingine mitano, mpaka macho yake yalipopungua na akarudi shambani kwake Adungosi.

Kama wiki mbili baada ya mambo hayo, dereva mmoja wa lori la mafuta alisimama Busia kubadilisha taya za breki. Tulikuwa tukizungumza juu ya mengine kabisa, akaanza kulalamika kwamba dunia imeharibika.

"Majuzi napanda mlima wa kwenda Turbo, njia ya Eldoret, niko gia ya pili nateseka," akasema, "mwanamke akanipita. Gari kuukuu, godoro juu, watoto wamejaa nyuma wananipungia mkono. Ananipita mlimani!"

"Lilikuwa linatoa mvuke?" nikamwuliza haraka.

"Mvuke gani? Lilikuwa linapanda kama mbuzi."

Nilirudi chini ya lori lake nikamfungia breki zile kwa uangalifu kuliko breki nyingine zozote nilizowahi kufunga.

Nilifanya kazi hiyo hadi nywele zikawa nyeupe. Baadaye nilirudi Malaba mimi mwenyewe nikiwa forman, kisha nikawa msimamizi wa gereji zote mbili, na siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba tatu. Sikupata mali ya kutajwa. Nina nyumba Butula, ng'ombe wawili, na mgongo usiopenda baridi. Siku hizi magari yana kompyuta inayomwambia fundi mahali penye ugonjwa, na sina kinyongo nayo. Kama ingekuwepo, ningeilaza chini ya magari mengi badala ya kulala mimi.

Wakati mwingine watu huniuliza kama sikusikitika kwamba yule Sista hakuwahi kurudi hata kusalimia. Hawaijui kazi yetu. Ukilitengeneza gari vibaya, litarudi, na mwenyewe atarudi nalo akiwa amekasirika, na utamjua kwa jina na kwa baba. Ukilitengeneza vizuri linakwenda zake. Mabaya yangu nayakumbuka yote, moja moja, kwa sababu yalirudi mlangoni. Mazuri yalipotelea barabarani, njia ya Bungoma, njia ya Kisumu, ng'ambo ya mpaka, yamebeba watu waliokuwa na mahali pa kufika. Hayo ni mengi zaidi. Namshukuru Mungu kwa magari yote ambayo sikuyaona tena.